Muhuri wa Mama Dadu

Nilikuta jina langu nyuma ya kitabu ambacho sikuwa nimekisoma hata neno moja. Maboksi yalikuwa yametoka kiwandani asubuhi hiyo, yamepangwa kando ya kaunta ya duka, na shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa amefungua moja kwa kisu kisha akapanda ofisini kupokea simu. Nikachukua nakala ya juu. Jalada zuri, sikatai. Nyumba ya mawe ndani ya ukungu, taa moja dirishani, mwanamke amesimama mlangoni ametupa mgongo. Dada yangu ndiye aliyelichora, na dada yangu anajua kuchora. Nikageuza. Kona ya chini, kwa wino mwekundu, palikuwa na duara lenye picha ya meza na maneno yake: Kimechezwa kwa Mama Dadu.

Mama Dadu ni mimi. Sina mtoto anayeitwa Dadu, wala sijawahi kucheza kamari. Jina nimelipata kwa sababu ya meza.

Kwa asiyejua, mchezo wetu unachezwa hivi. Watu wanne watano wanakaa mezani. Mmoja ni msimulizi. Wengine kila mtu ni mhusika: wewe mwizi, wewe tabibu, wewe askari aliyefukuzwa kazi. Msimulizi anasema mmefika mahali fulani, mnaona hiki na kile, mnafanyaje? Nanyi mnajibu. Pale ambapo jambo laweza kwenda hivi au vile, mnarusha dadu. Sasa, si kila msimulizi ana kipaji cha kutunga, kwa hiyo ananunua kisa kilichoandikwa tayari. Kitabu kinamwambia chumbani kuna nini, nani mwongo, nani ameficha ufunguo, na wachezaji wakifanya ujinga afanyeje. Shemeji yangu anachapisha hivyo vitabu. Mimi kazi yangu ilikuwa kuvijaribu.

Na sikuvijaribu kwa kuvitazama. Kila kisa kilichezwa mara tatu kwenye meza yangu, chumba cha nyuma ya duka. Kwanza na wageni ambao dadu hawajui hata kuishika. Halafu na wakorofi, wale ukiwaambia wapite mlangoni wanavunja dirisha. Mwisho na watu waliotoka kazini wamechoka, macho yanafumba. Kisa kikipita kwa waliochoka kitapita popote. Kisipopita kinarudi kwa mtunzi, alie asilie. Ndiyo maana watu wakiingia dukani walikuwa wanageuza kitabu kwanza kutafuta lile duara, kabla hata hawajasoma jina la mtunzi. Mimi sina duka. Kisa nilichotunga mwenyewe kiko rafu ya chini kinakula vumbi mwaka wa tatu sasa. Nilichokuwa nacho ni hilo duara tu. Watu wameniamini kwa sababu yake, na sikuwa nimewahi kuwaongopea.

Nikapanda ngazi na kitabu mkononi.

"Shemeji, hiki kimechezwa wapi?"

Alikuwa bado na simu sikioni. Akanionyesha kiti. Sikukaa. Akamaliza maneno yake matamu kwa aliyempigia, akaweka simu chini.

"Kipi?"

"Hiki chenye jina langu."

"Ah. Kile cha Bwana Ukungu."

Jina la Bwana Ukungu tulimpa sisi wa chumba cha nyuma, likamganda. Kila kisa chake kinaanza na ukungu. Kurasa mbili za ukungu, umetanda, umetulia, umekumbatia mapaa, na wewe msimulizi umeshika kitabu watu wanakusubiri hujui hata wako mji gani.

"Muda ulikuwa umebana," shemeji akasema. "Kiwanda kilitaka kazi mapema. Lakini kimechezwa, usijali. Mwenyewe aliniambia amekicheza."

"Na nani?"

Akakuna shingo. "Amekicheza kichwani."

"Kichwani."

"Shemeji, yule ni mtunzi mkubwa. Anaona kila kitu humu." Akajigonga kipaji cha uso.

"Kichwani kwake kuna viti vingapi? Wakorofi wamekaa upande gani?"

Alicheka, kwa sababu alidhani natania. Nikamwambia neno moja, atoe jina langu. Akasema maji yakimwagika hayazoleki, kitabu kimeshachapwa, uzinduzi ni Jumamosi, watu wameshaalikwa. Kisha akaniegemea kwa ile sauti yake ya kuuzia, ile iliyompa mke.

"Nikwambie ukweli wa hii biashara? Wanaonunua hivi vitabu hawachezi. Wananunua, wanapeleka nyumbani, wanajilaza, wanasoma. Wanajiona siku moja watacheza. Hiyo siku haifiki. Kisa chako wewe kikiwa mezani ni kitamu, mimi nimekicheza, nimecheka mpaka machozi. Lakini ukikisoma ni kama maelezo ya kutumia jiko. Cha Bwana Ukungu kikisomwa kinakusisimua. Sasa niuze kipi?"

Hesabu yake ilikuwa sawa, na hilo liliniuma kuliko muhuri wenyewe. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wahenga hawakuwahi kufungua duka la vitabu. Kizuri kiko rafu ya chini, na kibaya kina jalada la dada yangu.

Dada nilimkuta kwenye chumba chake cha kuchorea, brashi tatu mdomoni. Alizitoa, akanisikiliza mpaka mwisho, maana dada yangu ni msikilizaji, halafu akafanya kama anavyofanya siku zote.

"Funika kombe mwanaharamu apite, mdogo wangu. Ni kitabu kimoja tu. Kijacho utakicheza mara kumi."

"Ulijua?"

"Muhuri niliuchora mimi zamani. Wao wanaubandika tu."

"Nimeuliza ulijua."

Akarudisha brashi moja mdomoni. Nikaondoka na kitabu nikaenda kukisoma.

Nilikisoma chote, na ukungu wake. Tabu ilianza pale walipofika nyumba ya mawe. Wasafiri wanamtafuta binti aliyepotea. Wanaingia maktaba. Nyuma ya kabati la vitabu kuna ufa ukutani, na ufa ndio njia ya kushuka chini aliko binti. Kuuona ufa lazima urushe dadu ya pande ishirini upate kumi na nane au zaidi. Kumi na nane. Mtu anaweza kukaa mchana kutwa asiipate. Nikageuza ukurasa kutafuta wakishindwa msimulizi afanyeje. Hakuna. Wanaweza kuzunguka nyumba? Hakuna. Kuna mtu wa kumuuliza? Hakuna, nyumba tupu, ina ukungu. Na kitabu kizima kilichobaki, mashimo, mito ya chini ya ardhi, mwanamke wa jaladani, vyote viko nyuma ya ule ufa. Wakorofi wangu wangeligundua hilo kabla chai haijapoa. Kosa la namna hiyo hulioni kichwani, maana kichwani mwako dadu haikukatalii.

Jumamosi duka lilijaa mpaka barazani. Shemeji alikuwa amevaa koti. Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa wazi ili watu waone, na kwenye meza yangu, mahali ninapokaa mimi, amekaa Bwana Ukungu na shali yake shingoni. Ile meza ilikuwa ya jikoni kwa mama. Ina alama ya pasi, dada aliiunguza tulipokuwa wadogo na nikapigwa mimi. Mama alipofariki dada alichukua cherehani, mimi nikachukua meza. Bwana Ukungu alikuwa ameweka kikombe juu ya alama ile ile.

Shemeji akatangaza kwamba mtunzi atasimulia kisa chake mwenyewe, na kuna viti vinne kwa wenye bahati. Kabla hajamaliza nilikuwa nimeshakaa.

"Leo na mimi nacheza," nikasema.

Watu wakapiga makofi, wakidhani imepangwa. Shemeji akatabasamu lile tabasamu la picha, meno yote nje. Kushoto kwangu akakaa muuguzi, mchezaji wangu wa siku nyingi, anatoka zamu anakuja na viatu vyake vyeupe. Kulia fundi friji, mkorofi namba moja, na mikono yenye grisi. Kiti cha nne akapata mteja mmoja mwenye miwani ambaye mchezo alikuwa hajawahi kuuona.

Tukaanza. Ukungu ulitanda. Nisiwe mchoyo wa sifa, jamaa anasoma vizuri, ana sauti, watu mlangoni walikuwa kimya kabisa. Tukafika nyumba ya mawe, tukaingia maktaba.

"Mnaona kabati kubwa la vitabu," akasema. "Rusheni."

Nikarusha nne. Muuguzi kumi na moja. Fundi saba. Mwenye miwani akauliza anarusha ipi, akaonyeshwa, akapata tisa.

"Hamuoni kitu."

Akatutazama, anatusubiri sisi.

"Basi navunja kabati," fundi akasema.

Bwana Ukungu akafungua kitabu chake mwenyewe, akafunga. "Halivunjiki."

"La mbao?"

"La mbao ngumu."

"Nalivuta kutoka ukutani."

"Limepigiliwa."

"Natoka nje nizunguke nyuma ya nyumba," muuguzi akasema.

"Ukungu umezidi. Unarudi pale pale."

"Naita, kama kuna mtu."

"Sauti yako inamezwa na ukungu."

Mwenye miwani akainua mkono kama yuko shule. "Samahani, sasa tunafanya nini?"

Swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa siku ile. Bwana Ukungu akasema turushe tena. Tukarusha, tukakosa. Jasho lilikuwa linamtoka chini ya shali. Mimi sikumsaidia. Ningeweza, nimewaokoa wasimulizi wengi wakikwama, ni kazi yangu. Nilikaa nimekunja mikono nikimtazama anavyozama, na niseme ukweli, nilifurahi.

Mwisho akachukua dadu yake, akairusha nyuma ya kile kikingio cha kadibodi kinachomficha msimulizi, akaitazama, akashusha pumzi.

"Mwanamke anatokea ndani ya ukungu," akasema. "Anawanong'oneza: nyuma ya kabati."

Watu wakapiga makofi. Nikasubiri yaishe.

"Ukurasa gani huo?" nikamuuliza.

"Samahani?"

"Huyo mwanamke anayenong'ona. Yuko ukurasa gani? Mimi kitabu nimekisoma, sikumwona. Jalada lina mwanamke, ndani ya maktaba hayupo."

"Mama Dadu, msimulizi mzuri hubuni."

"Msimulizi mzuri akibuni, huyu aliyenunua kitabu amenunua nini?"

Pale mlangoni mtu akakohoa, mwingine akacheka kidogo. Nilidhani nimemaliza kazi. Nilidhani sasa wataelewa. Lakini sikumjua shemeji. Alipiga makofi mawili, akapaza sauti. "Mmeona raha ya huu mchezo, ndugu zangu? Kila meza na mambo yake. Karibuni kaunta." Na watu wakaenda kaunta. Wallahi nawaambia, wale wale walioona mtunzi amekwama ndani ya nyumba yake mwenyewe, walijipanga foleni kununua nyumba hiyo.

Nikiwa nakusanya dadu zangu akanijia mwanamke mmoja na nakala yake mpya, ana uso wa furaha. Akageuza nyuma.

"Niwekee sahihi hapa, Mama Dadu. Kwenye muhuri wako. Mimi hununua kwa kuuangalia huu tu."

Nikachukua kalamu nene nyeusi, ile ya kuandikia maboksi. Nikapiga mkwaju kutoka kona hii hadi ile, na mwingine kuukata. Wakati nauvuta wa pili mtu nyuma alinigusa kiwiko, mstari ukateleza ukaacha mkia.

"Sijakicheza," nikamwambia. "Wameweka jina langu bila kuniuliza. Ukitaka kukisoma kisome. Kuchezwa hakichezeki."

Alinitazama, akatazama kitabu. Sikujua kama atalia au atadai arudishiwe pesa. Akaja wa pili, nikakata. Wa tatu, nikakata. Nilikata mpaka kidole kikaweka alama. Shemeji akapita nyuma yangu, tabasamu liko pale pale, midomo haisogei.

"Unaniua, shemeji."

"Sikuui. Nasahihisha."

Siku ile nilirudi nyumbani mwepesi. Nilipika, nikala, nikalala usingizi wa mtu aliyerudishiwa kitu chake.

Wiki iliyofuata shemeji akanipigia simu, mchangamfu kama mtu aliyepata mtoto. Hapo ndipo ningepaswa kuogopa.

"Shemeji yangu, umeona? Kuna mtu ameweka picha ya nakala yake mtandaoni, ile uliyoikata. Sasa kila anayekuja anauliza, ya mkwaju ipo? Za kawaida hawazitaki. Njoo mara moja unikatie zilizobaki."

Nikamkatia simu. Hicho ndicho nilichomkatia. Nilijiambia ni wazimu wa watu, utapita. Mwezi haujaisha nikaenda dukani kwa mchezo wetu wa Jumamosi, nikakuta maboksi mapya kando ya kaunta. Toleo la pili. Nikachukua nakala ya juu na kuigeuza.

Duara jekundu lilikuwa pale pale, na juu yake mkwaju mweusi. Nilipitisha kidole, nikifikiri ni wino wa kalamu. Ulikuwa umechapwa. Nakala ya pili nayo, na ya tatu. Mistari yote miwili, na ule mkia mahali nilipoguswa kiwiko.

Dada alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha nyuma, mikono ndani ya aproni yake ya rangi. Nilijua kwa namna alivyokuwa hanitazami.

"Umechora wewe," nikasema.

"Alitaka kutafuta mtu wa nje anakili. Nikaona bora nifanye mimi. Mkono wako naujua."

"Hasira yangu umeinakili na mkia wake."

"Nilidhani utapenda nikiifanya vizuri." Na alimaanisha, maskini, hilo ndilo baya zaidi. "Mdogo wangu, watoto wanakula kwa hivi vitabu."

Shemeji akashuka ngazi kwa kusikia sauti. Hakuwa na aibu hata chembe.

"Sasa unalalamika nini? Ulitaka watu wajue hukukicheza. Kila nakala sasa inasema hukukicheza. Umeshinda wewe, mimi nimechapa tu."

Alikuwa na haki. Neno kwa neno, alikuwa na haki. Kila nilichotaka kimo kwenye kile kitabu, na hakuna mtu hata mmoja atakayekielewa. Kuanzia leo nikisema ndiyo ni pambo, nikisema hapana ni pambo pia.

"Nilitaka uone haya," nikamwambia. "Hilo tu. Na huwezi, kwa hiyo sina cha kukudai."

Nikaingia chumba cha nyuma. Muuguzi na fundi walikuwa wameshakaa, wananisubiri, dadu zimetoka kwenye kopo. Nikazirudisha kwenye kopo. Nikamwambia fundi ashike upande wa pili wa meza.

Fundi ni mkorofi lakini si mjinga. Hakuuliza. Akaondoa viti, muuguzi akavua koti lake akashika kona. Mlango ni mwembamba, ikabidi tuilaze ubavu, miguu ikitangulia. Dada akaja akaweka kiganja juu ya alama ya pasi.

"Hii ni meza ya mama," akasema.

"Najua ni ya nani. Nilipigwa kwa ajili yake."

"Na muhuri je? Una picha ya hii meza."

"Picha ni yako, ulichora wewe. Baki nayo."

Aliondoa mkono wake taratibu. Nilitaka anizuie, au ashike kona ya nne. Hakufanya lolote kati ya hayo, alisimama tu na vidole vyake vya rangi.

Shemeji alikuwa amejibanza kwenye maboksi kutupisha. Sasa ndipo nikaona uso wake umebadilika, maana ana visa vingine vitano vinavyosubiri, vya watunzi wasio na ukungu wala jalada, ambavyo bila kuchezwa haviendi popote.

"Shemeji, subiri kidogo. Tuongee. Sasa vitabu tutavijaribia wapi?"

Muuguzi alinitazama. Tulikuwa tumeshafika katikati ya mlango wa mbele, nusu ya meza ndani, nusu nje.

"Kichwani, shemeji," nikamwambia. "Fundi, inua."